Mzinga wa D-30 na roketi za BM-21: kipi kinafika mbali?

Hapa Mwanza, wazee wakianza habari za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sifa zote huenda kwa roketi za "Saba Saba", yaani BM-21, zinazorushwa kutoka kwenye lori. Kwa umbali, ni kweli: roketi ya kawaida ya BM-21 hufika kilomita 20 hivi, wakati mzinga wa D-30, nao wa kipenyo cha milimita 122, huishia 15. Ukipigwa kutoka katikati ya mji, D-30 unavuka uwanja wa ndege bila shida, ila Usagara, kusini nje ya mji, haufiki.

Mimi, kwa kupiga handaki, bado ningechukua D-30. Unatupa bomu moja moja la kilo 22 hivi. Mwangalizi anaona lilipoangukia, anawaambia wapigaji kwa redio waongeze au wapunguze. Tena miguu yake mitatu inauruhusu kugeukia upande wowote.

BM-21 inamaliza roketi 40 kwa sekunde 20 tu, lori likitikisika, moshi na vumbi vikimwonyesha adui ulipo. Hapo ni kuhama haraka. Roketi hizo hutawanyika, kwa hiyo zinafaa kwa kambi au msafara. Kiwewe chake, hata hivyo, mzinga mmoja hauwezi kukitia.