Risiva moja, bafle pea mbili: uzoefu wangu hapa Goma

Natumia risiva ya stereo (ampli yenye redio ndani) yenye kuwa na kitufe cha A na B, unawasha pea moja, ingine, ao zote mbili. Nilinunua okazi dola 90 pale Birere, juu nilitaka muziki salo na kwenye barza bila kutafuta ampli ya pili. Karibu mwaka sasa na ninaipenda kabisa, ila mwanzo ilinitesa.

Pea ya A ni bafle za salo, nyuma zimeandikwa 8 om (om ni kipimo cha namna spika inazuia umeme; zikiwa kidogo, risiva inasukuma umeme mwingi na inapata moto). Ya B nilitengenezesha kwa seremala, sanduku za mbao, ndani spika ya gari moja moja. Kila pea peke yake inaimba muzuri. Lakini siku ya mposo moja, ubatizo wa mtoto wa yaya wangu, nikabonyeza A+B, nyimbo ya tatu tu nikasikia "tak!" ndani ya risiva, kimya, taa inawakawaka, kuweka mkono juu ya kifuniko ni moto kama pasi. Tukangoja ipoe, ikaimba nyimbo mbili, tak tena, na wageni wamejaa barza. Mwenye kuniuzia akasema imekufa, niongeze dola 40 anipe ingine.

Nikapeleka kwanza kwa papa fundi mmoja, na bafle moja ya kila pea. Hakufungua hata visi. Alichukua multimeta akapima ya salo: 6 na kidogo (multimeta inapima koili tu, ile waya ya kuzunguka ndani ya spika, njo maana 8 inaonekana chini). Akapima ya barza: 3 na nusu. "Mwanangu, spika za gari ni 4 om. Ukibonyeza A+B zinaenda paraleli, ni kusema pembeni kwa pembeni, na zile 8, risiva inaona chini ya 3, inajizima isiungue." Akaigeuza, akanionyesha maandishi pale penye kufungia waya: A ao B, 4 mpaka 16 om, A+B, 8 mpaka 16 kila bafle.

Basi tukaongeza spika ya pili, ya aina ileile, kwa kila sanduku la barza, tukaziunga seri: plasi ya risiva inaingia spika ya kwanza, minasi yake inaenda kwa plasi ya pili, minasi ya pili inarudi. 4 na 4 inakuwa 8. Chunga hapo, sanduku moja tuligeuza plasi na minasi ya spika moja na besi ikapotea papo hapo. Waya ya kwenda barza, mita 15, ilikuwa nyembamba kama ya simu, tukaweka nene, ya milimita mraba 2.5. Toka hapo haijajizima hata mara moja, hata Bonane iliimba toka mangaribi mpaka asubuhi, kifuniko vuguvugu tu.

Lakini usinunue risiva bila kusoma nyuma, hazifanani. Zingine kwa A+B zinataka bafle za 16 om, hapo pea mbili za 8 usiziwashe pamoja. Zingine zinaunga A na B seri ndani yake, hazipati moto sana lakini besi inalegea.

Chenye sipendi ni sauti: kitufe ni kimoja. Mama watoto akitaka redio polepole salo na mimi niko na wageni barza, haiwezekani, tunachagua A ao B.