Nishati safi ya kupikia: ununue jiko lipi kwanza kama hela haitoshi

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kinachowakwamisha wengi ni hela ya kuanzia. Kama ni ya kifaa kimoja tu, angalia kinachomaliza mkaa wako. Mara nyingi si chai, ni maharage na makande.

1. Jiko la presha la umeme, lita 5 au 6. Ni la wati 1,000 hivi, ila presha ikishapanda linawaka na kujizima lenyewe. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku hula chini ya nusu uniti. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 356 hivi kwa uniti, hapo hujafika 200. Wa D1, yaani kundi la bei nafuu la wanaotumia umeme kidogo, awe macho: bei yake ya chini mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi hutozwa ghali.

Dukani fungua kifuniko, uvute mpira wa ndani. Ukiwa mkavu au umepinda, mvuke utatoka pembeni na presha haitapanda. Hauuzwi wa akiba? Tafuta aina nyingine. Maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, povu litaziba valvu. Na chomeka ukutani. Ekstensheni za bei chee huyeyuka.

2. Gesi, mtungi wa kilo 6 na jiko la kufunga juu yake. Kwa ugali, chapati na siku umeme umekatika, haina mpinzani. Ubaya wake ni kujaza: inaisha tarehe 24, mshahara bado, mnarudi kwenye mkaa. Mitungi yenye mita, ya kulipia kidogokidogo kwa simu, inasaidia hapo. Piga kwanza hesabu ya bei kwa kilo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake: ongeza 6, kisha dai upimiwe. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja, usiwashe.

3. Jiko la indaksheni, la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Lina kasi, ila sufuria zetu za alumini halizipashi. Nenda dukani na sumaku. Isiponata chini ya sufuria, utanunua na sufuria mpya.

4. Jiko la umeme la koili. Rahisi kununua, ghali kupikia. Kwa maharage ya saa mbili, LUKU itakwisha mbele ya macho yako.