Uzoefu wangu: ziara ya siku moja milima ya Wicklow, kwenye njia za Michael Dwyer

Kwa anayependa historia ya wapiganaji wa msituni, ziara hii inalipa. Tuliondoka Dublin asubuhi kwa basi dogo, tukiwa na mwongozaji mzaliwa wa Wicklow. Habari yenyewe ni ya Michael Dwyer, aliyekimbilia milimani baada ya maasi ya Waayalandi ya 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza kuzimwa na kuwasumbua Waingereza kwa miaka mitano.

Mtu unaanza kuelewa ukiwa barabarani. Barabara ya Kijeshi ilianza kujengwa 1800 kwa sababu askari hawakuwa na njia ya kuwafikia waasi kule juu. Hadi inakamilika 1809, Dwyer alishajisalimisha tangu Desemba 1803. Ukitazama mabonde yale yenye ukungu na matope meusi yanayomeza mguu, huulizi tena kwa nini serikali iliona bora ipasue milima.

Kilele cha safari ni nyumba ya Derrynamuck: ndogo, kuta za chokaa, paa la nyasi. Ilikarabatiwa baadaye, maana iliteketea usiku wa Februari 1799. Dwyer na wenzake walizingirwa humo na askari, theluji imetanda nje, paa likashika moto. Sam McAllister, kijana wa Antrim, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland, alikuwa ameshajeruhiwa mkono. Akasimama mlangoni makusudi, risasi zote zikammalizikia yeye. Askari wakiwa bado wanashindilia baruti upya, Dwyer akachomoka, akakimbia pekupeku kwenye barafu hadi akawapotea. Mwongozaji alitusimulia haya tukiwa tumesimama kwenye mlango huohuo. Nilishindwa kuuliza swali lolote.

Malalamiko ninayo. Hapo tulipewa muda mfupi mno, halafu tukapelekwa kukaa kwenye duka la sweta hadi watu wakachoka. Kampuni ingegeuza ratiba hiyo. Pia ningependa wasimulie zaidi maisha ya Dwyer baadaye: alipelekwa Australia, akafika mwaka 1806, na huko akaja kuwa mkuu wa makonstebo wa Liverpool, New South Wales. Jambo zito kama hilo lilitajwa tukiwa tunarudi, nusu ya abiria wamelala.

Vaa koti la mvua na viatu vya kukanyagia matope hata kama Dublin kuna jua. Nyumba haifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Ukibaki na siku nyingine, nenda gereza la Kilmainham, hapo Dublin. Ndiko alikofungwa Anne Devlin, binamu yake Dwyer, aliyeteswa mwaka 1803 ili aseme alipojificha Robert Emmet, kiongozi wa maasi ya mwaka huo, naye akakataa katakata. Kwangu mimi, huyu mama anastahili ziara yake peke yake. Tiketi za huko huisha haraka, zinunue mtandaoni mapema.