Friji kuukuu Lamu: kutengeneza au kununua mpya?

Friji ikikataa kugandisha, uliza kwanza kilichokufa ni nini. Mpira wa mlango, thamostati (kidhibiti cha baridi) au rilei (swichi ndogo ya kuwashia kompresa) si vitu vya bei. Fundi hubadilisha papo hapo jikoni, na kununua mpya kwa sababu hiyo ni kutupa pesa. Kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ya baridi, ikiungua, hesabu hugeuka. Mvujo wa gesi nao una mambo: hewa ya chumvi hula mabomba ya nyuma, na ukishaona kutu ya kijani kwenye shaba, ukiziba tundu moja unangoja la pili. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu, mimi simwiti.

Kwa kuokoa umeme, mpya yenye inveta, kifaa kinachopunguza au kuongeza kasi ya kompresa, hushinda. Ila kadi yake ya umeme ikiungua, kuipata kisiwani ni shida, ilhali thamostati za zamani haziadimiki. Kwa mpya, ongeza boti ya kutoka gati la Mokowe bara, wapagazi, na vichochoro vya mtaa wa Mkomani ambamo friji pana haikati kona. Ikisafirishwa imelazwa, isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Mpangaji anayehama karibuni atengeneze. Anayemwekea mzee insulini, au muuza samaki, heri mpya.