Uzoefu wangu: Schloss Cecilienhof, Potsdam, jumba la mbao linaloficha ukubwa wake

Habari wadau, hili nimekaa nalo muda mrefu acha leo niliandike. Mwaka 2023 nilikuwa Berlin kwa mdogo wangu, siku moja akaniambia kaka twende Potsdam, mji wa jirani hapo, ukaone nyumba, we si fundi ujenzi bwana. Tukapanda treni ya S7 mpaka mwisho wa reli halafu basi namba 603, tukashuka karibu kabisa na jumba, limekaa ndani ya bustani kubwa pembeni ya ziwa.

Ukifika unaweza kudhani umepotea, maana kasri la mtoto wa mfalme unategemea nguzo za marumaru na dhahabu, hapa unakuta nyumba imelala chini kati ya miti, mapaa yameinama kila upande, matofali mekundu na mbao nyeusi zimepita ukutani wima, mlalo na mshazari. Kumbe ina vyumba 176! Mchora ramani wake Paul Schultze-Naumburg aliipanga kuzunguka nyua tano za ndani, kwa hiyo popote unaposimama unaona kipande tu, unatembea ukidhani umeimaliza halafu kona inafunguka tena. Kwangu mimi hapo ndo penye ufundi wenyewe. Na juu ya paa kuna dohani 55 za matofali, zimesokotwa, zimechongwa, ukiangalia moja na ya jirani yake nakshi ni tofauti kabisa.

Aliyejenga ni Kaiser (mfalme mkuu wa Ujerumani) Wilhelm II kwa ajili ya mwanae, naye anaitwa Wilhelm, na mkwewe Cecilie, jina la nyumba limetoka kwa huyo mama. Staili wakaichukua kwa Waingereza, yale majumba ya mashambani ya enzi za Tudor, ukoo wa wafalme wao wa zamani, na hapa ndo pananiumiza kichwa kwa sababu ujenzi ulianza 1914 ukaisha 1917, yaani wanajenga nyumba ya Kiingereza huku wanapigana na Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Na walikuwa wanapigana kwetu pia, kuanzia Tanga mpaka kusini kule, wapagazi wetu wakifa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Babu mzaa bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Nilisimama mbele ya ule mlango nikawaza seremala anapiga randa mbao huku wakati huohuo mzee yule yuko porini na mzigo kichwani. Sikuweza kuongea kwa muda, mdogo wangu akaelewa akaniacha.

Ndani, ngazi kubwa ya mbao ya kuchonga ilikuwa zawadi ya mji wa Danzig (leo Gdańsk, Poland), simama uiangalie taratibu. Kuna pia kachumba ka Cecilie kamejengwa kama kebini ya meli, kazuri sana. Lakini watu wengi wanafuata ule ukumbi wa mkutano wa 1945, kuanzia tarehe 17 Julai mpaka 2 Agosti, ambapo washindi wa vita dhidi ya Hitler walijadili hatima ya Ujerumani: Truman wa Marekani, Stalin wa Urusi na Churchill wa Uingereza, na Churchill aliposhindwa uchaguzi katikati ya kikao kiti chake akakikalia Attlee. Meza ya duara bado ipo, upana wake mita tatu na kidogo, ilitengenezwa Moscow. Uani Warusi walipanda maua mekundu kwa umbo la nyota na mpaka leo yanatunzwa. Baadaye, kuanzia 1961, Ukuta wa Berlin, ule wa mpaka kati ya Ujerumani Mashariki na Berlin Magharibi, ukapita hukohuko ufukweni mwa ziwa, nyuma ya nyumba!

Sasa kama unataka kuona nyumba za mbao za Wajerumani zenye umri mkubwa, usiishie hapa, nenda Quedlinburg, mji mwingine wa Ujerumani, zipo zaidi ya 2,000, nyingine zina karne na karne. Kule niliona ukuta mmoja umebanduka kidogo, nikasogea karibu, nikakuta fito zimesukwa kati ya nguzo halafu zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Aisee ni ileile nyumba yetu ya fito na udongo! Tofauti ni kwamba wao fremu ni mbao nene zilizochongwa zikaingiana, zinabanwa na vigingi vya mti, sisi tunafunga fito kwa kamba. Niliweka kidole kwenye ule udongo nikamkumbuka bibi akikandika ukuta kwa mikono yake.

Nyota tano kutoka kwangu. Ila mwishoni mwa 2024 walifunga ndani kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujakata tiketi, hata hivyo bustani na ile sura ya nje peke yake inatosha kukupa nusu siku, vaa viatu vya kutembea na ubebe mwavuli. Mimi nilianza kuhesabu zile dohani moja moja, nimefika ya 31 mvua ikatukimbiza, nikirudi nazimalizia.