Mafuta ya mgando, kibano na brashi kuukuu ya maskara: uzoefu wangu wa nyusi na kope Dodoma

Wadada mnaotaka nyusi na kope zikae vizuri bila kuonekana zimechorwa, vifaa vyangu ni hivi: kopo dogo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kibano chenye ncha ya mshazari, mkasi mdogo, na brashi ya maskara iliyokwisha. Vyote nilivipata soko la Majengo na chenji ya elfu tano ikabaki. Nimevitumia kiangazi kizima, na kwa miezi mitatu nilipaka mafuta ya nyonyo kwenye nyusi ya kushoto tu ili nilinganishe.

Niseme mapema: mafuta ya mgando hayaoteshi nywele. Yanaufunika unywele usikauke na kukatika, na kwa Dodoma hiyo si kazi ndogo, maana miezi mingi ya mwaka hakuna mvua na upepo hautulii. Kosa ninaloliona sana ni kuyapaka asubuhi. Mtu anapaka, anapanda bodaboda Nzuguni, na akifika mjini kope zimeshikana mbilimbili kwa vumbi. Anasugua macho, kope zinang'oka. Paka usiku. Asubuhi nawa kwa sabuni laini na maji, utoke nyusi zikiwa kavu ili vumbi likose pa kunata.

Kiasi ndicho kila kitu. Kwa nyusi zote mbili chota mafuta yanayolingana na punje moja ya mchele, yasugue kati ya vidole mpaka yawe mng'ao tu, kisha pitisha kufuata nywele zinakoelekea. Kwa kope usichovye brashi ndani ya kopo. Iguse kwenye mafuta kidogo, ipanguse mgongoni mwa mkono mpaka donge lisionekane, ndipo uchane kuanzia katikati ya kope kwenda kwenye ncha. Shinani acha. Pale ukingoni pana vitundu vya tezi za mafuta, na ukiviziba mara kwa mara unajitafutia chokea. Ukiamka unaona ukungu, jua jana ulizidisha.

Hiyo brashi kuukuu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke bila weusi, uikaushe siku nzima, kisha uioshe tena kila wiki. Usimwazime mtu, hata mdogo wako wa tumbo moja.

Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kwa kope. Tone moja linateremka usiku na kuingia jichoni. Kwenye nyusi yanang'arisha, na kwa sababu yanang'arisha nywele huonekana nyeusi na nyingi zaidi. Nadhani sifa zake nyingi zinatoka hapo. Baada ya miezi mitatu pengo dogo la nyusi yangu ya kushoto lilikuwa lilelile.

Kutinda ndiko kunakoharibu nyusi kuliko ukavu wowote. Mimi nimeacha kabisa wembe. Saluni moja walinipitishia, na baada ya siku chache vishina vikachomoza, vigumu, kama kidevu cha mwanamume. Wembe hukata unywele katikati pale ulipo mnene, kwa hiyo unaporudi ncha yake ni butu. Kibano huung'oa mzima.

Kwanza pima kwa penseli. Isimamishe wima pembeni mwa pua: inapogusa juu ndipo nyusi inapoanzia. Ilaze kutoka pembe ya pua kupitia kona ya nje ya jicho: hapo ndipo inapoishia. Weka alama za wanja. Ng'oa baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa laini, na kibano umekifuta kwa spiriti. Vuta ngozi kwa kidole, shika unywele mmoja karibu na shina, uvute kuelekea unakoota. Ukivuta kinyume unakatikia ndani, na kesho yake kuna kipele. Toa za chini tu, tatu kulia, tatu kushoto, kisha rudi nyuma hatua mbili utazame. Anayetazama kioo kwa karibu muda wote hamalizi mpaka nyusi zimekuwa uzi. Nywele uliyoing'oa inaweza kuchukua miezi miwili au zaidi kurudi, na ukiirudia miaka mingi shina linaweza kufa kabisa.

Zilizo ndefu usizing'oe. Zichane juu, kata ncha zinazovuka mstari tu.

Nawasihi sana kuhusu piko: msiipake kwenye nyusi wala kope. Nyingi zina PPD, rangi inayoweza kuunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuharibu hata kuona. Na kama nyusi zinapukutika upande wa nje bila kuguswa na kibano, wala usinunue mafuta. Nenda hospitali ukapime homoni za thairoidi, kwa sababu tezi hiyo ya shingoni ikilegea, nyusi hupungua hivyohivyo.

Kibano nakipa nyota 5, mafuta ya mgando 4 kwa sababu ya vumbi. Nyonyo nyota 2. Chupa iliyobaki naimalizia kwenye nywele za kichwa.