TAHADHARI: Hizi "mashine za mradi" zinazouzwa mitaani Dodoma ni feki, nimezifungua nimeona ndani

Mafundi wa Dodoma, mbukwenyi. Maseremala, wajenzi, wachomeleaji, watu wa jipsamu na aluminiamu, someni hii kabla hujatoa hela yako.

Kuna watu wanazunguka mjini na seti za mashine za betri. Ni sanduku la plastiki, ndani kuna drili, grenda ndogo, mashine ya kufungia nati, betri mbili na chaja. Rangi ni ya Makita kabisa, au njano ya DeWalt, na jina limeandikwa vizuri tu. Maneno yao ni yale yale: "Mzigo wa mradi huu, fundi. Kampuni imemaliza kazi, vifaa vimebaki, bosi anataka viondoke kimya kimya." Mradi wenyewe unabadilika kulingana na ulipo. Ukiwa Ihumwa utaambiwa vimetoka Mji wa Serikali Mtumba. Ukiwa Miyuji vimetoka uwanja wa ndege wa Msalato. Kwingine ni reli ya SGR, kwingine barabara ya mzunguko. Kwa mji unaojengwa kila kona kama huu wetu, nani atabisha?

Aliyetunga maneno haya ana akili, maana yanajibu maswali yako kabla hujauliza. Mbona bei ya chini? Mabaki ya mradi. Mbona hakuna risiti? Mabaki ya mradi. Mbona tunauziana nyuma ya kituo cha mafuta na injini ya gari inaunguruma? Mlinzi asije akaona. Na ubaya zaidi ni huu: ukishakubali kununua kitu unachoamini kimetoka kwa mlango wa nyuma, siku kikikufia utamshtaki wapi? Utamwambia nini polisi? Ndiyo maana wengi waliopigwa wamenyamaza, na jamaa wanaendelea kuuza mtaa unaofuata.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine. Nasuka mota, nabadilisha kaboni (vile vipande vinavyogusa mota inapozunguka na kuipa umeme), beringi na swichi. Tangu mvua ziishe, seti hizi zinaletwa mezani kwangu mfululizo, na mwenyewe kila mara anasema "imezima tu, fundi, labda swichi". Kijana mmoja, seremala wa Chang'ombe, alilipa laki mbili na themanini, tena hela ya advansi ya mteja wa makabati ya jikoni. Drili ilifunga skrubu kwenye paina vizuri, akafurahi. Alipoingia kwenye mninga ikatoa moshi. Mteja anataka makabati, hela haipo, mashine haipo.

Nilichokikuta ndani ni hiki. Gia za plastiki, mahali ambapo drili ya kazi huwa na gia za chuma. Beringi hakuna, shafti inazunguka kwenye kipande cha bati kilichopakwa grisi. Nyaya za mota nikizikwangua, rangi ya shaba inatoka na chini yake ni aluminiamu nyeupe. Kusuka upya mota kama hiyo ni kupoteza siku, na mimi huwa nakataa, kwa sababu hata nikiisuka vizuri gia zitakatika wiki ijayo na lawama itakuwa yangu. Kitu kingine: nimeweka mashine mbili za watu wasiojuana pamoja, namba ya mashine kwenye kibandiko ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Kiwandani kila mashine ina namba yake.

Lakini wizi mkubwa uko kwenye betri, na hapo ndipo fundi anaweza kumnasa tapeli bila bisibisi. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Betri ya volti 18 ndani yake ina seli za lithiamu zilizopangwa tano kwa mstari. Seli moja ni volti 3.6, mara tano ni 18. Ikijaa kabisa kila seli inafika 4.2, jumla inakuwa 21. Kwa hiyo ukiona mmoja anaandika 18, mwingine 20 na mwingine 21, mara nyingi ni betri ile ile ya seli tano kwa mstari, kila mtu anasoma kipimo kwa wakati wake. DeWalt wenyewe, betri wanayoiita 20 Marekani, Ulaya wanaiita 18. Hapo hakuna utapeli.

Utapeli ni pale unapokuta imeandikwa 48V, 88V, 128V, nimeona hata 388V. Nyingine wanaongeza herufi "VF" mwishoni. Hiyo VF haipo kwenye vipimo vya umeme, ni mapambo ya kuwalinda wasiulizwe. Piga hesabu mwenyewe: volti 88 zinahitaji seli kama 24 kwa mstari. Seli ya kawaida ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65 ina uzito wa gramu 45 hivi. Seli tu zingepita kilo moja, bado plastiki. Za volti 388 zingekaribia kilo tano! Wewe umeishika kwa vidole viwili. Niliweka mita kwenye betri ya "88" ikiwa imejaa, ikasoma 20 na pointi.

Sasa ile iliyoandikwa 18V na 5.0Ah (Ah ni kiasi cha chaji ambacho betri inabeba), ambayo inaonekana ya kweli zaidi. Betri halisi ya namna hiyo kwa kawaida ina seli kumi, mistari miwili ya tano tano, na uzito wake unapita gramu 600. Hizi za mtaani nimezifungua nikakuta seli tano, upande wa pili kumejazwa sponji ili isitikisike. Tena zingine seli zake zimeshatumika, unaona alama za kuchomelewa mara ya pili. Dawa yake ni mizani. Nenda nayo kwa muuza nyama au duka la unga lililo jirani, iweke juu. Ikisoma gramu 300 na kitu huku imeandikwa 5.0Ah, rudisha sanduku. Muuzaji akikataa usiende nayo mizanini, umeshapata jibu bure.

Chaja nayo inasema mengi. Chaja halisi ya haraka ya Makita inajaza betri ya 5.0Ah kwa dakika 45, na ni dude zito lenye feni ndani. Hizi za mtaani zinakuja na kiadapta chepesi chenye waya mwembamba, kimeandikwa 21V, ampea 1. Ampea 1 kujaza 5Ah ni masaa matano au zaidi, hakuna njia ya mkato. Basi ukianza na betri tupu ukaona taa imegeuka kijani baada ya saa moja na nusu, jua ndani kuna 1.5Ah tu, hata kibandiko kiseme nini.

Na hapa naomba wenye karakana za mbao mnisikilize. Betri nyingi kati ya hizi hazina ile kadi ndogo ya ulinzi inayokata umeme seli zikijaa. Kiadapta nacho hakikati. Seli ya lithiamu ikizidishiwa chaji inachemka, inavimba, inaweza kuwaka. Ukiiacha ikichaji usiku juu ya meza yenye maranda, thina iko chini na vanishi iko pembeni, unategemea bahati. Kama tayari umeinunua, chaji mchana, nje, juu ya saruji, ukiwa unaiona. Ikivimba au ikichemka usiirudishe kwenye mashine.

Wanavyouza pia mjue. Mashine unayojaribishiwa inaweza kuwa nzima, wengine wanakuwa na moja halisi kwa ajili ya maonyesho tu. Unazungusha hewani, inalia vizuri, unakubali. Kisha unapewa sanduku lililofungwa na gundi ya nailoni, "hii ndiyo mpya, haijaguswa". Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua ile ile uliyojaribu, na kujaribu kwenyewe kusiwe hewani, maana hewani hata mota ya redio inazunguka. Beba kipande cha mninga au mkongo, beba kekee ya kutobolea tundu la kitasa, toboa mfululizo kwa dakika mbili tatu. Kama ni ya zege, toboa zege. Drili ya kazi itapata joto na itaendelea. Hizi utasikia harufu ya vanishi ya nyaya za mota ikiungua kabla hujamaliza tundu la pili.

Wakikuambia haina kaboni, ni ya kisasa, ipeleke penye giza na uchungulie matundu ya kupumulia huku inazunguka. Ukiona cheche za bluu ndani, ina kaboni. Mashine isiyo na kaboni haitoi cheche pale.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi wenzangu wanachanganya. Kwanza, kuandikwa kwamba imetengenezwa China si dalili ya ufeki. Makita ni kampuni ya Japani, imeanza 1915, lakini ina viwanda China, Romania na kwingine. Nimeona mtu anarudisha grenda halisi dukani kwa sababu hiyo, kisha anaenda kununua ya mtaani kwa sababu kibandiko kinasema Japani! Kibandiko kinachapishwa popote. Vilevile chapa za Kichina za bei ya kati zinazouzwa kwa jina lao wenyewe dukani, na risiti, sizisemi vibaya hapa. Nazitengeneza kila siku na vipuri vyake vinapatikana. Bei rahisi na ufeki ni mambo mawili tofauti. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine.

Pili, mitumba ya Japani. Hiyo inaweza kuwa mashine halisi na nzuri sana, ila umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Kuna wauzaji wanakata plagi ya pini mbili bapa na kufunga plagi yetu ya pini tatu, wananyamaza. Ukiichomeka tu, inalia kwa nguvu ajabu kwa sekunde chache, halafu kwaheri. Soma kibao cha mashine, usisome plagi.

Zawadi ya diski za grenda pia iangalieni. Jamaa wanaongeza pakiti ya diski za kukatia "bure kabisa". Zile diski nyembamba za kukatia chuma zina pete ya bati katikati, na diski nzuri pete hiyo imeandikwa mwezi na mwaka wa kuisha muda, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoshika chembe inachoka, hasa ikipata unyevu. Grenda ya inchi nne na nusu inazungusha diski zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kipande kikikatika kwa mwendo huo hakichagui jicho. Za hawa jamaa pete hazina maandishi yoyote.

Kama ulishapigwa, usikae na aibu. Ulilipa kwa simu? Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo, usisubiri kesho, na nenda polisi na ujumbe wa muamala. Kwa wale wa "lipia nusu tukutumie mzigo", na wenye jumbe za kutaka pesa itumwe kwenye namba nyingine, namba zao zinapokelewa TCRA kwa kutuma kwenda 15040. Bidhaa yenyewe ipeleke FCC (Tume ya Ushindani), ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inayohusu bidhaa bandia, au TBS (Shirika la Viwango). Usiitupe, usiifungue ukapoteza vibandiko, ndio ushahidi wako. Wala usimuuzie mwenzako ili urudishe hela. Nimeona hilo likifanyika kati ya mafundi wa karakana moja, sitaki kulisema zaidi.

Dukani nako daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ina namba ya uhakiki, ingia tovuti ya TRA uihakiki ukiwa bado umesimama kaunta. Kuna mmoja aliletewa risiti na hawa watu wa mitaani, imechapwa vizuri kabisa, kumbe ni ya duka la vyombo na kiasi si hicho.

Kwa sasa wanasikika zaidi upande wa Nzuguni na njia ya kwenda Ihumwa, jioni, saa ambazo mafundi wanatoka saiti na posho mfukoni. Ukikutana nao kwingine, andika hapa chini mtaa, muda, na wametaja mradi gani safari hii. Picha weka za sanduku, kibandiko na namba ya mashine. Sura ya mtu usiweke kama huna uhakika, ipeleke polisi. Na mwenye betri anayoitilia shaka apite nayo ofisini kwangu, kuipima na mita sitozi.